Je, Shule Ina Haki ya Kuchimba Bwawa?

Swali hili laweza kuonekana dogo mno kwa insha ya maadili. Tumezoea kujadili adhabu ya kifo, rushwa au haki za wakimbizi. Lakini mwalimu wa bayolojia akisimama mbele ya wazazi na kueleza kwamba anataka kuchimba bwawa dogo nyuma ya madarasa, kisha apande miti kando yake na kuweka viti vya magogo ili wanafunzi wajifunze nje, ataulizwa maswali mazito papo hapo. Mzazi mmoja atauliza: mtoto wangu akizama? Wa pili atauliza: na mbu je? Wa tatu atauliza: madawati yametosha hata tufikirie mabwawa? Maswali haya yanahusu uhai, hatari na matumizi ya mali ya wote, kwa hiyo ni ya maadili hasa.

Nitayajibu nikiwa na Uganda akilini, nchi ambayo sehemu zake nyingi hupata misimu miwili ya mvua, na ambako chini ya vilima vingi kuna bonde lenye kinamasi. Hoja yangu ni hii: shule ina haki ya kuchimba bwawa, lakini haki hiyo haitokani na faida ya bwawa peke yake. Inatokana na kukubali mzigo wa kulitunza kila siku, zikiwemo siku ambazo wanafunzi hawapo. Shule isiyokubali mzigo huo haina haki ya kuchimba, hata kama nia yake ni njema.

Kwanza tueleze tunazungumzia nini. Bwawa la kujifunzia si bwawa la kuogelea wala la kufugia samaki wa kuuza. Ni shimo pana lisilo na kina kirefu, lenye kingo zinazoteremka polepole ili mnyama au mtoto aliyeingia aweze kutoka. Chini hufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa au kwa turubai la plastiki, na maji hutoka kwenye mifereji ya paa wakati wa mvua. Kingoni hupandwa mimea ya mahali hapo, kama vile mafunjo na matete. Pembeni huachwa magogo yanayooza, mawe na nyasi zisizofyekwa, kwa sababu wadudu na mijusi huhitaji mahali pa kujificha. Baada ya majuma machache viumbe huanza kuja bila kualikwa. Kereng'ende hutaga mayai, chura huanza kulia usiku, na ndege hushuka kunywa maji.

Kwa nini mwalimu ajisumbue hivyo, ilhali picha ya chura imo kitabuni? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1885 na mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Junge, aliyefundisha katika mji wa Kiel. Katika kitabu chake Der Dorfteich als Lebensgemeinschaft, alichukua bwawa la kijiji kuwa msingi wa masomo ya viumbe. Siku zile wanafunzi walifundishwa mnyama mmoja mmoja, kila mmoja na orodha ya viungo vyake. Junge alitaka waone jinsi viumbe wanavyoishi pamoja na kutegemeana. Wazo la jumuiya ya viumbe alilipata kwa mwanazuoni Karl Möbius, ambaye mwaka 1877 alikuwa ameandika juu ya chaza wa baharini na kuonyesha kwamba chaza hawezi kueleweka akitengwa na viumbe wanaomzunguka. Junge alitambua kwamba wazo hilo la baharini laweza kumfikia mtoto wa kijijini kupitia maji anayoyapita kila siku.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao ushahidi wetu wenyewe. Tunakariri msamiati wa viumbe ambao hatujawahi kuwatazama. Chukueni neno kiluwiluwi. Wengi hulitumia kwa mtoto wa chura, na wengi hulitumia kwa mtoto wa mbu. Darasani mkanganyiko huo huishia kwenye kamusi. Penye bwawa huisha kwa macho, kwa kuwa mmoja ana mkia na kichwa kinene, hula mwani na baadaye huota miguu, na mwingine ni mwembamba, hupanda juu kuvuta hewa na hujipindapinda akishtuliwa. Mwanafunzi akiona kereng'ende mchanga akimla kiluwiluwi wa mbu, atakuwa amejifunza jambo juu ya malaria ambalo bango la ukutani halimfundishi.

Hiyo ndiyo faida. Lakini faida peke yake haihalalishi hatari, na hapa ndipo mzazi wa kwanza anapostahili kusikilizwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5, na sehemu kubwa kabisa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ambayo hayamfikii mtu mzima magotini. Hafanyi kelele nyingi, na dakika chache zinatosha.

Katika falsafa kuna bwawa mashuhuri linalohusu jambo hili. Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala kuhusu njaa na wajibu wa wenye mali. Alitoa mfano wa mtu anayepita kando ya bwawa lenye kina kifupi akamwona mtoto anazama. Akiingia kumwokoa, nguo zake zitachafuka. Singer aliona kwamba kila mtu atakubali kuwa nguo si kitu mbele ya uhai wa mtoto. Kutoka hapo akajenga hoja kwamba tunawiwa pia na watu wa mbali wanaokufa kwa njaa, ikiwa tunaweza kuwasaidia bila kupoteza jambo lenye uzito sawa.

Mfano huo umejadiliwa vyuoni kwa zaidi ya miaka 50, na mjadala wake humtazama zaidi mpita njia. Mimi nauliza swali jingine: nani alichimba bwawa lile? Mpita njia hakuliweka pale. Wajibu wake unaanza anapomwona mtoto, na unakwisha mtoto anapofika salama. Mchimbaji hayuko katika hali hiyo. Wajibu wake ulianza kabla ya mtoto kufika, tangu siku jembe lilipopiga ardhi, na haukwishi maadamu maji yapo. Hawezi kujitetea kwa kusema hakuwepo mtoto alipoanguka, kwa maana kutokuwepo kwake ndiko kosa lenyewe. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo tumezoea kuitumia kwa shughuli yoyote iliyoanzwa. Kwa shule inayochimba bwawa, inapaswa kueleweka neno kwa neno.

Wapo watakaosema kwamba kama wajibu ni mzito hivyo, njia salama ni kutochimba kabisa. Hoja hii ina nguvu, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba shule isiyo na bwawa haina maji. Tutazame tunapoishi. Mvua ikinyesha, maji hutuama katika nyayo za ng'ombe, katika njia za magari, katika matairi yaliyotupwa na katika mifereji iliyoziba. Kando ya vijiji vingi kuna mashimo yaliyoachwa na wafyatuaji wa matofali, na msimu wa mvua hujaa maji ya rangi ya chai ambayo hakuna anayejua kina chake. Mtoto hukutana na maji haya kila siku akienda na kurudi shuleni, bila uzio, bila mwalimu, bila mtu aliyemwonyesha ukingo unaoteleza ukoje. Dimbwi hutokea lenyewe na halina mwenyewe, ilhali bwawa la shule lina mtu wa kuulizwa. Mtoto aliyefundishwa mahali penye uangalizi kutambua kina, tope na ukingo anaweza kuikumbuka elimu hiyo mahali pasipo na uangalizi. Kumkinga na kila hatari ndani ya shule, kisha kumwachia hatari zote nje ya lango, ni kujikinga sisi wenyewe na lawama, na mtoto bado yuko hatarini.

Hata hivyo, sitaki hoja hii itumiwe ovyo. Haisemi kwamba kwa kuwa kuna hatari nje, basi hatari ya ndani ni halali. Inasema kwamba hatari ya ndani inaweza kuhalalishwa pale tu inapopunguza ile ya nje, na ikiwa imefungwa ndani ya uangalizi wa kweli: uzio usiopandika kirahisi, lango lenye kufuli, ufunguo kwa mtu anayejulikana, na kanuni kwamba hakuna darasa linaloingia bila mwalimu. Katika shule yenye watoto wa chekechea wanaocheza bila kuangaliwa na uzio usiojengeka, jibu ni hapana. Maadili yanayoshindwa kusema hapana mahali popote hayana kazi.

Swali la pili ni la mbu, na hapa maarifa lazima yatangulie hukumu. Mbu waenezao malaria hawapendi maji ya aina moja. Anopheles gambiae hupenda hasa maji madogo yaliyo wazi kwa jua, kama yale ya kwenye nyayo na njia za magari, ambako hakuna wa kumla. Bwawa lililokomaa, lenye kereng'ende wachanga na wadudu wengine wawindaji, si mahali pazuri kwake. Lakini ipo aina nyingine, Anopheles funestus, inayopenda maji ya kudumu yenye mimea. Kwa hiyo si kweli kwamba bwawa huleta malaria kwa lazima, na si kweli pia kwamba bwawa halina hatia siku zote. Ukweli huamuliwa na utunzaji. Katika joto la kwetu, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Maana yake ni kwamba wanafunzi wakiyachunguza maji kila wiki kwa kijiko kirefu cheupe, wakahesabu viluwiluwi na kupunguza majani yaliyosongamana kingoni, wataona tatizo kabla halijaruka. Maana yake pia ni kwamba likizo ni ndefu kuliko utoto wa mbu. Shule ikifungwa wiki kadhaa bila mlinzi wa bwawa, majirani ndio watakaolipa.

Tukumbuke na kichocho. Vimelea vyake hukaa ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kuingia katika ngozi ya mtu, lakini havifiki kwa konokono bila mkojo au kinyesi cha mtu aliyeambukizwa kuingia majini. Shule isiyo na vyoo vya kutosha, basi, isichimbe bwawa kabla ya vyoo. Na palipo na bwawa, wanafunzi watumie wavu na ndoo, wasiingize miguu, na wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza.

Mzazi wa tatu aliuliza juu ya madawati. Jibu rahisi ni kwamba bwawa huhitaji jembe na jasho kuliko fedha. Lakini jibu hilo halitoshi, kwani jasho pia ni mali, na la wanafunzi lina historia. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule za Tanzania ziwe na mashamba na karakana, wanafunzi wafanye kazi na kushiriki kuamua. Aliona kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliwatenga vijana na jamii yao na kuwafanya waidharau kazi ya mikono. Wazo lilikuwa na uzito. Lakini sote tunafahamu jinsi shamba la shule linavyoweza kugeuka mahali pa adhabu: aliyechelewa hupewa mraba wa kulima, na aliyefeli hupewa miwili. Mtoto anayeijua ardhi kama adhabu hataipenda. Bwawa likichimbwa na waliochelewa namba na kusafishwa na waliozungumza lugha ya nyumbani darasani, tutakuwa tumewafundisha kuuchukia udongo na maji kwa pamoja. Haki inadai kwamba walimu washike jembe pia, na wanafunzi waulizwe bwawa liwe wapi na litunzwe vipi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wadaiwa na wadai wote ni watu. Je, chura hadai chochote? Immanuel Kant alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama ni wajibu kwa wanadamu uliopitia njia nyingine, kwa kuwa anayezoea ukatili kwa mnyama huwa mgumu wa moyo kwa binadamu. Aldo Leopold, mtaalamu wa misitu na wanyamapori wa Marekani, katika insha zilizotolewa mwaka 1949 baada ya kifo chake, alikwenda mbali zaidi. Alitaka mpaka wa jumuiya yetu ya kimaadili upanuliwe uingize udongo, maji, mimea na wanyama, na mwanadamu awe mwanajumuiya wa kawaida asiyejifanya mshindi juu ya wengine.

Sioni haja ya kuchagua mmoja wao ili tuendelee, kwa sababu bwawa linatuwekea wajibu ambao wote wawili wangeukubali. Viumbe waliokuja kwenye maji yetu wamekuja kwa sababu tuliyaweka. Chura aliyetaga Aprili ana watoto ambao bado wanavuta hewa kwa mashavu. Tukiyakausha maji hayo Mei kwa kuwa mgeni rasmi anakuja na tunataka uwanja wa kuegesha magari, tutakuwa tumewaita kisha tukawafungia mlango. Hata mtu asiyeamini kwamba chura ana haki anajua kwamba kitendo hicho kina ubaya fulani, na kwamba wanafunzi wanaokitazama wanajifunza kitu.

Pia upo wajibu wa kutoingiza kiumbe ovyo. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria hatuhitaji mfano wa mbali. Gugu maji, lenye ua zuri la zambarau, asili yake ni bonde la Amazoni huko Amerika ya Kusini. Limesambaa duniani kwa mikono ya watu walioupenda uzuri wake na kuutaka katika mabwawa ya bustani zao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria, na miaka ya 1990 likafunika ghuba, likaziba njia za mitumbwi na kuwatesa wavuvi. Waliolipanda bustanini hawakukusudia hayo hata kidogo. Kwa hiyo bwawa la shule lisipambwe kwa mimea ya kununua wala samaki wa kigeni. Tuchimbe, tujaze, tupande mimea ya bonde letu, kisha tusubiri. Kusubiri ni somo gumu kwa wanafunzi tuliozoea majibu mwishoni mwa kitabu.

Hapo inazuka aibu ambayo hatuwezi kuipita. Tunachimba kinamasi kidogo juu ya kilima huku tukifukia kikubwa kilicho bondeni. Kampala ilijengwa kati ya vilima na mabonde ya mafunjo. Bonde la Nakivubo hupokea maji machafu ya jiji kabla hayajaingia katika ghuba ambayo jiji hilohilo linateka maji yake ya kunywa. Mafunjo huyachuja bila mshahara, na bado sehemu za bonde hilo zimelimwa na kujengwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashikilia maziwa ya asili, mito na ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Kwa Kiswahili tunalo neno linalotosha: amana. Kitu cha amana si chako, japokuwa kimo mikononi mwako, na siku moja utaulizwa.

Kwa sababu hiyo naona kwamba shule iliyo jirani na kinamasi isichimbe kitu. Iwapeleke wanafunzi kukitazama na kukipima, na iwe shahidi wake siku malori ya kifusi yatakapofika. Bwawa la kuchimba ni la shule iliyozungukwa na saruji, ambayo mtoto wake angemaliza masomo bila kuona kinamasi ila ubavuni mwa barabara. Hata hapo, bwawa si badala ya kinamasi, na shule isijisifu kwamba imehifadhi mazingira kwa sababu imechimba shimo la mita chache. Kazi ya bwawa ni kumwezesha mtoto ajue kitu gani kinapotea anaposikia kwamba bonde fulani limefukiwa.

Kwa muhtasari, wazazi wetu watatu wote walikuwa na haki, na mwalimu pia. Naona shule ina haki ya kuchimba ikiwa inaweza kujibu maswali manne bila kusitasita. Nani ana ufunguo? Nani atayachunguza maji wiki ya tatu ya likizo? Nani atashika jembe, na kwa hiari au kwa adhabu? Na mwalimu aliyeanzisha akihamishwa, nani atarithi? Swali la nne ndilo naliona gumu kuliko yote. Katika shule zetu miradi mingi hufa na uhamisho wa mtu mmoja, na bwawa haliwezi kuachwa kama klabu ya mjadala inavyoachwa. Klabu ikifa hubaki ukimya. Bwawa likifa hubaki maji yasiyo na mwenyewe, yaani dimbwi, nalo tulikwisha kuona hatari yake.

Wengi kati yetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu. Huenda tutapangiwa shule ambazo hazina bwawa, au zenye shimo lililokauka ambalo mtu alilianza kwa moyo mkunjufu kisha akaondoka. Kabla hatujaazima jembe, tukae na wazazi, tuyaandike majina manne mbele ya maswali manne, na jina la nne lisiwe letu.